Hadithi ya Bibi Iliyokomea Mlangoni

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo Dodoma, alikuja likizo na vitabu vinene vitatu, akavipanga juu ya meza ninapoweka miwani na dawa zangu. Kila kimoja kilikuwa na joka lenye mabawa kwenye jalada. "Babu, wewe si unajiita msomaji?" akasema. "Soma hivi, halafu uniambie ukweli. Ila usianze na yale ya enzi zenu."

Nikasoma. Kiingereza changu ni kile cha sekondari ya zamani, hakitembei bila kamusi, lakini kilinifikisha. Kila asubuhi baada ya uji nilikaa kibarazani, upepo wa Singida ukinifunulia kurasa kabla sijazimaliza, na mjukuu akipita na ndoo ya maji ananiuliza, "Umefika wapi, babu?" Namjibu, "Nimefika pale wanapokula tena." Maana watu wa vitabu vile hula sana, nyama za kuchoma na mikate na jibini, na sikuona hata mara moja nani alichanja kuni.

Nilimpa maoni yangu, na wewe rafiki yangu nakupa yaleyale. Ramani ya mwanzoni niliipenda kuliko chochote. Niliifuata kwa kidole kama mtoto. Ila mchoraji ameweka milima na ngome akasahau visima, na nchi isiyo na kisima haina watu, ina majina tu. Shujaa ni kijana yatima anayechunga kondoo, na ukifika katikati ya kitabu unaambiwa kumbe ni mtoto wa mfalme. Hapo nilikasirika. Nilikuwa nimempenda akiwa mchungaji. Kwa nini mtoto wa mkulima haruhusiwi kuokoa nchi akabaki mtoto wa mkulima? Halafu wavulana wawili wanamgombea msichana mmoja huku miji inaungua nyuma yao.

"Hiyo ndiyo sehemu tamu, babu," mjukuu akanikatiza akicheka. "Wewe ungekuwa upande wa nani?"

"Wa yule anayezima moto."

"Ndiyo maana bibi alikukataa mara ya kwanza."

Majoka sikuyapinga. Nilitaka tu kujua yanakula nini wakati wa kiangazi.

Kitabu cha tatu kilikatika katikati ya vita. Niligeuza hadi jalada la nyuma nikitafuta mwisho, haupo. Mjukuu akanieleza, kwa uchungu wa kweli kabisa, kwamba kitabu cha nne hakijaandikwa, kwamba wasomaji wanakingoja mwaka baada ya mwaka, na mwandishi mwenyewe ameshazeeka. "Sasa akifa, babu? Tutajuaje yaliyotokea?"

Nilitaka kumtania. Badala yake niliinuka nikaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi nyuma ya nyumba hadi aliponiita kula. Mimi najua mtu aliyenyimwa mwisho wa hadithi anakuwaje akizeeka.

Tulikuwa tukiishi upande wa Mtinko, kabla ya vijiji vya Ujamaa, kila mji peke yake na zizi lake na mashamba yake ya uwele na mtama, katikati ya mawe makubwa ambayo sisi watoto tuliyapa majina ya ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa tembe. Paa lake lilikuwa bapa, la udongo, na lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mzima aliingia ameinama. Ndani, ndama walilala upande mmoja na sisi upande mwingine. Mchana tulifukuza ndege shambani kwa makopo na matusi, na tukirudi tulipokezana kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka mikono ikafa ganzi. Jioni ni ugali wa uwele na mlenda, na ukiwa na bahati maziwa mgando. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyepika, na ukoko wa chungu ulikuwa wake. Ukiugusa alikupiga kwa mwiko, halafu akakuita mume wake.

"Mume gani wewe," alikuwa akiniambia, puani amejaza ugoro, "unayekula kama wakwe na kufanya kazi kama mgonjwa?"

Mavuno yakishaingia ghalani, alitandika ngozi ya ng'ombe karibu na moto baada ya chakula, na hadithi ikaanza. Kwetu hadithi zilikuwa na miko yake. Hazikusimuliwa mchana. Hazikusimuliwa tangu mvua ya kwanza hadi mavuno, kwa sababu anayesimulia mbegu zikiwa ardhini anaita njaa. Na hadithi ndefu haikusimuliwa bila mwitikiaji. Huyo ni mtu mmoja, aliyechaguliwa na msimuliaji mwenyewe, ambaye kila sentensi ikitua anasema kwa Kinyaturu neno lenye maana ya "nipo, twende." Asipolisema, msimuliaji hasogei. Hadithi ikishaanza na mwitikiaji fulani, inamaliziwa na huyohuyo. Bibi alinichagua mimi. Binamu zangu walinuna mwezi mzima.

Ilikuwa hadithi moja tu, nayo ilichukua utoto wangu wote. Mfalme aliyeishi chini ya ziwa la chumvi alikuwa ameiba mvua akaifungia nyumbani kwake. Msichana mmoja mchunga ng'ombe, mwenye dume la pembe moja, alikwenda kuidai. Kila kiangazi bibi alimpitisha katika nchi nyingine. Ilikuwapo nchi ya wanawake waliosaga mawe wakapata unga mweupe usioshibisha, na nchi ya fisi waliouza usingizi. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu wa ziwani, walikuwa wasichana waliotangulia kuidai mvua wakashindwa, ndiyo maana husimama kwa mguu mmoja, hawajaamua kurudi nyumbani. Na nyuma ya msichana, siku zote, walikuja watu-simba.

Hapo ndipo vitabu vya mjukuu wangu vinaponishinda kuviogopa. Mazimwi yake yametoka kichwani mwa mtu aliyekaa mezani. Watu-simba wa bibi walitoka bonde la jirani. Alikuwa binti wakati watu wa kwetu walipouawa na viumbe ambavyo wengine walisema ni simba na wengine wakasema ni watu waliovalishwa ngozi, na alijua ni mlango wa nani uliobomolewa. Alipofika kwao sauti yake ilishuka, na mimi niliyepaswa kusema "nipo" nililisema kwa meno yanayogongana.

Halafu nikafaulu kwenda sekondari. Ilikuwa shule ya bweni upande wa Kiomboi, na ndani yake kabati moja la vitabu lenye mlango wa kioo uliopasuka. Nilisoma kila kilichokuwamo: safari za baharini, visiwa, hazina, wafalme. Sikuwahi kuona maji mapana kuliko ziwa letu, lakini niliweza kukutajia kamba za merikebu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba hadithi nzuri haijipingi. Jambo likisemwa ukurasa wa kwanza, lisimame vilevile ukurasa wa mwisho. Nililibeba somo hilo nyumbani likizo ya Juni kama mtu aliyepewa bunduki.

Msichana wa bibi alikuwa ameshafika chini ya ziwa. Alisimama mbele ya mlango wa mfalme, mlango usio na komeo wala tundu upande wa nje, na nyuma yake watu-simba walikuwa wanashuka majini. Binamu zangu hawakuwa wanapumua. Bibi akasema yule dume akainamisha pembe yake ya kulia.

"Ya kushoto," nikasema.

"Nipo, twende," bibi akanikumbusha kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo.

"Bibi, mwaka juzi ulisema ya kushoto. Na wale fisi ulisema walikufa wote, halafu mwaka jana mmoja akarudi. Na huyu msichana ametembea miaka mingapi? Mbona haolewi wala hazeeki?"

Watoto wakacheka. Kicheko chao kilinipanda kichwani kama pombe. Niliendelea, nikataja kosa baada ya kosa, na kila moja lilikuwa la kweli. Ndivyo ilivyokuwa, rafiki yangu, sikumzulia hata moja.

"Kumbe mume wangu ameoa kitabu," bibi akasema. Akafuta ugoro kwa upindo wa kanga. "Haya, simulia wewe."

Na mimi, badala ya kusema neno lile moja, nikasimulia. Nilisimulia merikebu na tufani, kwa Kiswahili cha shuleni, na watoto wakapiga makofi. Bibi alikwenda upande wa ndama akakaa huko. Likizo yote ile hakutandika ngozi tena, wala mimi sikumwomba.

Nilipokuwa shuleni, familia yetu ilihamishiwa kijiji cha Ujamaa kando ya barabara. Nilirudi Desemba nikaikuta nyumba mpya katika mstari wa nyumba, ya miti na nyasi, isiyo na upande wa ndama. Bibi alikuwa amepungua. Hakuwa amezoea kusikia kikohozi cha jirani. Mvua ilikuwa inanyesha, na nikakaa karibu naye nikamwambia, nikiangalia chini, kwamba nilikosa, na kwamba niko tayari kuitikia mpaka mwisho.

"Unataka kuua watu?" akanijibu. "Uwele ndiyo kwanza unachomoza. Njoo baada ya mavuno. Na safari hii uje na masikio, mdomo uache huko huko shuleni."

Alicheka alipolisema. Alikuwa amenisamehe. Hilo ndilo linalonitesa kuliko kama angenikasirikia.

Juni ilipofika sikwenda. Rafiki yangu wa darasani, mwenyeji wa Kiomboi, alikuwa na kaka aliyeazimwa riwaya nene ya vita na wafalme, na haikuruhusiwa kutoka nje ya nyumba ile. Nilijiambia nitaisoma kwa siku chache, halafu nipande basi. Siku chache zikala likizo yote. Usinitafutie udhuru wa ujana. Nilijua mavuno yameingia, nilijua ngozi imetandikwa, na kila asubuhi nilichagua kubaki. Nilimaliza riwaya ile hadi neno la mwisho. Leo sikumbuki nani alishinda.

Bibi alikufa pepo za kiangazi zikiwa bado zinavuma, mimi nikiwa nimerudi bwenini. Shangazi yangu ndiye aliyenieleza baadaye, tena bila kunilaumu. Baada ya mavuno bibi alikuwa akitandika ngozi kila jioni, watoto wakikaa, na wakimwomba aanze anasema, "Mwitikiaji yuko njiani." Wakiongea na kusinzia anaikunja. Binamu yangu mdogo alijitolea kuitikia yeye. Bibi alimpa ukoko, akamwambia hadithi si ng'ombe, haipokewi kamba katikati ya njia.

Nimeishi na mlango ule tangu hapo. Nilipokuwa karani nilikuwa nao, nilipooa nilikuwa nao. Niliwatafuta wale tuliokaa juu ya ngozi. Wengi wamekufa. Mmoja yuko mjini na anasema tulikuwa na hadithi nyingi, hakumbuki ya ziwa. Binamu yangu yule mdogo, sasa ni bibi naye, anakumbuka dume, ila anasema alikuwa punda. Nilikwenda mahali tembe letu lilipokuwa. Udongo umerudi kuwa udongo, na mtu amepanda alizeti. Mawe yapo, lakini sikuweza kuyataja kwa majina.

Nilimweleza mjukuu haya yote, kwa Kiswahili kwa kuwa Kinyaturu hana. Alisikiliza vizuri. Mwishowe akasema, "Sasa babu, imalizie wewe. Wewe umesoma hadithi nyingi kuliko bibi yako."

Hajui amegusa wapi. Nimeshajaribu, mara nyingi, nikiwa nimelala na nikiwa macho. Kila mwisho ninaoutunga, msichana anachomoa upanga. Au inajulikana kwamba yeye ndiye binti wa mfalme. Au yanasemwa maneno ya siri na mlango unafunguka kwa mwanga mkali. Ni miisho mizuri, haijipingi, ungeweza kuichapa leo na kuitia joka kwenye jalada. Na kila mmoja naujua umetoka kabati gani.

Bibi yangu hakuwahi kuona upanga. Nyumbani mwake mlikuwa na jembe, kinu, mwiko, kibuyu cha maziwa na fimbo ya kuswagia ndama. Mlango ule ulifunguliwa kwa kimojawapo cha vitu hivyo, na mimi sijui ni kipi.