Nilimsikia Mama wa Watu, Nikajitia Hamnazo

Jamani, nimekosa! Mimi ni daktari wa macho, na kuna mama mmoja hapa Birmingham, Uingereza, amepoteza macho yake kwa sababu nilijifanya sijui Kiswahili. Nimeandika sentensi hiyo mara nne nikiifuta. Leo naiacha ilivyo.

Mtauliza, mtu anajifanyaje hajui lugha aliyokulia nayo? Ngojeni niwaeleze, halafu mnitukane mtakavyo.

Mimi ni Msomali wa Kenya. Nilizaliwa Eastleigh, Nairobi, nikaletwa huku nikiwa darasa la sita. Nyumbani tuliongea Kisomali na mama, na Kiswahili na ndugu zangu, hasa tukigombana. Nikasoma, nikahitimu, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika idara ya macho ya hospitali moja mjini.

Kazi yenyewe naipenda, lakini heshima yake, we acha tu! Nikienda harusini mtaa wa Small Heath, shangazi zangu wananitambulisha hivi: "Huyu ni daktari, lakini wa miwani." Mmoja aliniuliza kama nilifeli masomo ya moyo. Na huyo huyo ndiye anayenivuta pembeni, sahani yangu ya pilau mkononi, anashusha kope: "Hebu niangalie hapa kidogo."

Klinikini nako mambo yakawa yale yale. Mwaka wa kwanza alikuja mzee mmoja Mkenya. Nikamsalimia kwa Kiswahili, roho yangu nyeupe kabisa. Akanitazama juu mpaka chini. "Ah, kumbe wewe ni wa kwetu! Haya basi msichana wangu, niitie daktari mwenyewe."

Nikamwambia daktari mwenyewe ni mimi. Akasema si neno, atangoja. Akangoja kweli, saa moja na nusu, mpaka akaonwa na mwenzangu Mwingereza ambaye nilimtangulia kazini miezi kadhaa!

Niliumia, nisiwadanganye. Tangu siku ile Kiswahili nikakiacha nyumbani. Kazini ikawa Kiingereza tu, na kwa kuwa nafunga kitambaa na sura yangu ni ya Kisomali, hakuna Mkongo wala Mtanzania aliyenishuku.

Ndipo akaja Mama Furaha. Hilo si jina lake. Ni mama wa miaka kama sitini hivi, mtu wa Uvira, Kongo, anayekaa mtaa wa Handsworth. Kazi yake ilikuwa cherehani. Vitenge vya kwaya nzima ya kanisa lao vilipita mikononi mwake. Aliletwa na mwanawe, kijana wa miaka thelathini anayefanya kazi ghalani, ili amkalimanie.

Alikuwa na presha ya macho. Huu ugonjwa hauumi. Unaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na kilichokufa hakirudi. Dawa yake ni matone ya kila siku, maisha yote, ili kulinda kilichobaki.

Siku hiyo ya kwanza, kabla hata hajaketi, Mama Furaha alimgeukia mwanawe. "Haka katoto ka Kiarabu ndiko dokta? Wakubwa yake wako wapi?"

"Maman, please," kijana akamnyamazisha.

Mimi nikatabasamu tu kama sijasikia. Wallahi hata kicheko kilinibana! Nikampima, nikamwandikia matone, nikaeleza kila kitu kwa Kiingereza, wakaenda zao. Sikujua kwamba lile tabasamu nimejifungia nalo mlango. Kuanzia hapo, kuongea Kiswahili mbele yake ilikuwa sawa na kumwambia, mama, yale maneno yako niliyasikia.

Walirudi baada ya miezi mitatu. Presha ilikuwa juu vile vile, haijashuka hata kidogo. Nikamwuliza kijana, mama anaweka matone yake? Akamwuliza kwa Kiswahili.

Mama Furaha akashusha sauti. "Niliyaachaka. Inanifanyaka macho nyekundu, na kule kanisa wamesema nakunywaka pombe. Mimi, mama shemasi! Usimuambie huyu."

Kijana akanigeukia, akasema kwa Kiingereza, uso mkavu: mama anaweka dawa kila usiku, bila kukosa.

Mnanielewa? Nilisikia kila neno! Na wekundu ule ni tabia ya dawa ile, sisi sote kazini tunaijua. Zipo dawa nyingine zisizomsumbua mtu hivyo. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, nifute hii, niandike ile. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo niseme, "Mama, nimekusikia."

Sikuufungua. Niliwaza atakavyoona aibu, kwamba nimeyajua ya pombe na ya kanisani. Nikawaza kijana niliyemshika na uongo. Nikajiwaza na mimi pia, nitaonekana mtu wa namna gani, niliyekaa kimya tangu mwanzo nikiwasikiliza? Foleni nje ilikuwa ndefu. Nikatafuta ujanja.

"Macho hayawi mekundu?" nikamwuliza kijana kwa Kiingereza.

Hata hakumwuliza mama yake. "No, no. She's fine."

Nikanywea. Mama alikuwa amekaa pale katikati yetu, anatutazama mmoja mmoja, mkoba wake mapajani.

Halafu nikafanya lililo baya zaidi. Kwenye faili niliandika kwamba mgonjwa anatumia dawa vizuri. Mkono wangu huu! Na kwa kuwa dawa "imeshindwa," nikamwongezea ya pili juu yake. Nikajiambia safari ijayo nitaita mkalimani wa hospitali, mambo yatajiweka sawa yenyewe bila mimi kuumbuka.

Safari ijayo hawakuja. Nililiona jina lake kwenye orodha ya waliokosa miadi, nikaagiza apelekewe barua nyingine. Ya Kiingereza, kwa mama asiyesoma Kiingereza. Kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Aliletwa tena baada ya karibu mwaka mzima. Sindano ya cherehani ilikuwa imempitia kidole, kwa sababu hakukiona. Walipomfunga kidole idara ya dharura ndipo mtu akashtuka kwamba huyu mama haoni. Jicho la kulia lilikuwa limezimika kabisa. La kushoto lilibaki na kitundu kidogo katikati, nacho kina ukungu.

Nililiona jina lake kwenye orodha ya siku hiyo. Nikafungua mlango, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga. "Karibu mama. Pole sana. Shika mkono wangu, kiti hiki hapa."

Mwanawe aliganda pale mlangoni. Nilimwona akikumbuka. Alikumbuka alichosema mama yake, alichosema yeye, na mimi nilivyokaa naandika.

Mama Furaha yeye aligeuza uso kuifuata sauti, akatazama kando yangu kidogo. "Eh! Dokta wa Kiswahili? Aksanti Yesu!"

Akanishika mikono yote miwili, kile kidole kimefungwa bandeji, akanieleza kila kitu. Matone, wekundu, maneno ya kanisani, yote, bila kuficha, kama mtu aliyekuwa anangoja tu wa kumwambia. Kisha akasema, "Yule dokta wa mbele, ule wa kwanza, hakukuwa anasikia lugha yetu, maskini. Haikuwa kosa yake. Wewe ungekuwa hapa tangu mbele, binti yangu, mi ningekuwa naona."

Hakunijua! Uso hauoni, na sauti yangu ya Kiswahili hakuwahi kuisikia. Alidhani ni mtu mwingine, Mungu kamletea.

Nilimtazama kijana. Kijana akatazama sakafu. Akinitaja mimi, itabidi ajitaje na yeye. Tukamwacha mama aendelee kushukuru.

Daktari bingwa alimpasua ili kuokoa kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Cherehani ameuza. Faili langu liko safi, limeandikwa vizuri, hakuna anayeniuliza lolote. Mara mbili nimefika mlangoni kwa mkubwa wangu nikarudi. Mara ngapi nimeanza kumwambia mama mwenyewe, "Mama, ni mimi," sijui. Ananitangulia kwa baraka, naishia kuitikia amina.

Sasa akija kliniki hataki mwingine. Anawapelekea wenzake wa kanisani habari zangu: nendeni kwa dokta yetu, ule wa kusikia watu. Wanakuja, wananisifu.

Juzi aliniuliza, "Binti yangu, macho itarudia lini?" Nikamwambia hayatarudi, mama. Akatikisa kichwa taratibu, akanipigapiga mkono, akanifariji mimi!

Wenzangu, nawaomba. Wewe unayevaa Kiingereza kazini ili uheshimiwe, mtu wa kwenu akiongea mbele yako, sema umesikia. Sema siku ile ile, hata kama ametoka kukutukana. Nanyi vijana mnaowakalimania wazazi wenu, semeni walichosema, hata kikiwatia aibu. Aibu yake ni ya dakika moja, mtacheka mbele ya safari.

Mimi nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia Mama Furaha, na siku moja ya kuisema. Siku hizi naongea naye Kiswahili kuanzia anapoingia hadi anapotoka, na hakuna neno hata moja ndani yake linaloweza kumsaidia.