Mgonjwa Aliyeletewa Zabibu

Mimi kuandika naweza, kusema ndiyo shida. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, jibu linafika kooni na kukaa hapohapo mpaka mwenzangu alitaje. Ndiyo maana likizo ile naikumbuka vizuri kuliko zote.

Nyumba yetu iko Nzuguni. Mbele ina fremu ya biashara ambayo mama amempangisha kinyozi, na ukuta wa nyuma wa fremu hiyo ndio ukuta wa chumba ninacholala na mdogo wangu wa kike. Kinyozi anapenda singeli, muziki ule wa kasi. Sabufa lake, spika la besi ambalo kwa urefu linanifika kiunoni, alikuwa amelisimamisha chini likiegemea ukuta huo. Nilishalizoea kama nilivyouzoea upepo wa Dodoma.

Kisha akaja nyoka.

Mjomba wangu anaishi Ihumwa na ana kibali cha kufuga nyoka. Hualikwa mashuleni kuwaeleza wanafunzi kwamba si kila kinachotambaa ni cha kupigwa fimbo. Karibu na kwake walianza kutengeneza barabara, mashine ya kushindilia kifusi ikawa inapita mchana kutwa, na nyoka wake hawakutulia tena. Wengine aliwapeleka kwa rafiki yake. Mmoja, mdogo, wa kahawia, wa aina ile inayoingia majumbani kufuata panya na haina sumu, alimleta kwetu ndani ya sanduku la kioo.

"Hapa kuna utulivu," alisema. Ilikuwa Jumapili. Kinyozi alikuwa kanisani.

Mama alikubali kwa sharti kwamba mtaani asijue mtu. "Wakisikia nina nyoka ndani, kesho naitwa mchawi, keshokutwa kinyozi kahama."

Mimi nilimpenda nyoka yule siku ileile. Haniulizi mbona niko kimya. Nilikaa kitandani nikimtazama, naye alikaa chini ya kigae chake akinitazama, hakuna aliyemdai mwenzake maneno.

Jumatatu singeli ilipoanza, alitoka chini ya kigae, akainua kichwa, akawa anapita pembeni mwa kioo, huku na huku.

"Dada, anacheza!" mdogo wangu alipiga kelele. "Anacheza singeli!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Yeye amekulia Kanda ya Ziwa, na utotoni aliwaona watu wakicheza ngoma huku wamejivika nyoka mabegani. "Si nilijua!" alisema. "Hawa wanapenda ngoma hawa, tangu zamani." Basi tukawa tunamfurahia. Mara nyingine nilimwekea hata nyimbo za kwenye simu, nikiilaza juu ya kifuniko cha sanduku lake.

Ila hakula. Mjomba alileta panya Jumamosi, nyoka akajikunja kwenye kona na kugonga kioo kwa pua. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Ngozi ya ubavuni ilianza kufanya mikunjo, kama soksi iliyolegea. Mjomba alimshika kwa muda, akamrudisha taratibu.

"Akikataa tena itabidi nimrudishe Ihumwa," aliniambia. "Na kule mashine bado zipo. Alivyokonda hivi, sidhani kama atavumilia."

Siku ile sikuweza kula vizuri na mimi.

Katikati ya wiki umeme ulikatika tangu asubuhi. Kinyozi alikaa nje kwenye benchi, akichana nywele zake mwenyewe kwa kukosa kazi. Chumbani kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wakiparua uani. Nyoka akatoka. Safari hii hakuinua kichwa. Alikwenda polepole mpaka kwenye kibakuli, akanywa maji, kisha akalaza kidevu kwenye mchanga na kubaki hapo. Nikagundua kwamba tangu afike kwetu sijawahi kumwona amepumzika.

Mchana umeme ukarudi. Sabufa likapiga, du! Maji ya kibakuli yakafanya vijiduara. Nyoka akainua kichwa, akaanza kuzunguka. Niliweka kiganja sakafuni, na saruji ilikuwa inadunda kama mshipa.

Nilimpigia mjomba. Nilimweleza niliyoyaona.

"Nyoka hana masikio ya nje kama yetu. Taya lake likigusa chini, mtikisiko unapanda moja kwa moja mpaka ndani ya kichwa. Hachezi, mwanangu. Anatafuta pa kukimbilia. Mwambie mama yako aongee na huyo kijana."

Lakini mama alikuwa kwenye safari ya kikazi. Jumamosi ilikuwa inakuja. Nilibaki mimi.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, nikatoka. Kwenye kiti alikuwepo mteja mwenye povu kidevuni.

"Shikamoo," nilimwambia kinyozi.

"Marahaba! Wee binti, unanizeesha mbele ya wateja." Kisha akamgeukia mteja. "Leo kuna mvua. Huyu huwa haongei."

"Kaka, naomba... muziki."

"Muziki umefanyaje? Niongeze?"

Walicheka wote. Yale niliyoyafanyia mazoezi yalitoweka. Nyoka sikuruhusiwa kumtaja. Kilichonitoka ni hiki: "Ndani kuna mgonjwa."

Kicheko kilikatika. Kinyozi alinyoosha mkono akazima sabufa, kisha akazima na mashine ya kunyolea. "Jamani, si ungesema! Pole sana. Poleni."

Nilirudi ndani nikiruka. Nilisahau kabisa kwamba kwetu mgonjwa hazimiwi muziki tu. Anatembelewa pia.

Jioni tukasikia hodi. Alikuwa kinyozi, amevaa shati la kunyooshwa, na nyuma yake mama wa genge la mboga na chupa ya chai iliyojaa uji. Kinyozi alishika mfuko wa zabibu, zile nyeusi nzuri.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mama amelala?"

"Mama amesafiri," mdogo wangu akajibu.

Walimtazama yeye, mzima. Wakanitazama mimi, mzima.

"Sasa mgonjwa nani?"

Ningeweza kusema kalala, msimwamshe. Lakini walikuwa wamesimama na zabibu zao na uji wao, na kuwafukuza niliona haya kuliko hata kusema.

"Ni nyoka," nilisema. "Sabufa linamtikisa, hataki kula."

Mama wa genge alikuwa ameshakimbilia uani kabla sijamaliza. "Nyoka gani? Wa kutumwa huyo?"

"Hapana, mama, siyo wa kutumwa! Ni wa mjomba, ana kibali." Hapo nikaongea. Niliwaeleza taya, sakafu, maji ya kibakuli, barabara ya Ihumwa, na vile tulivyodhani anacheza. Sikumbuki kuwahi kusema maneno mengi hivyo bila kuvuta pumzi.

Kinyozi alibaki kizingitini, akichungulia sanduku kwa mbali. Kisha akakaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi. "Yaani nimemzimia nyoka muziki! Na zabibu nikamletea! Anakula zabibu?"

"Anakula panya."

"Basi kuleni nyie." Alisimama, akawa ametulia. "Ni muziki wote unaomsumbua, au ule mdundo wa chini? Maana na vioo vyangu vinacheza mpaka misumari inalegea."

Asubuhi yake alilihamishia sabufa upande wa barabarani, akalipandisha juu ya tairi kuukuu lenye kipande cha godoro, akapunguza besi. Mimi nilichutama mbele ya kibakuli.

"Vipi hapo?" aliita kupitia ukutani.

"Bado!"

"Hapo je?"

"Punguza tena kidogo, kaka!"

"Na hapo?"

"Maji yametulia!" Nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akaniangalia kwa mshangao.

Jumamosi mjomba alileta panya. Nyoka alitoka, akalaza kidevu mchangani, akasubiri, akamkamata. Mjomba alinishika bega.

Mama aliporudi alikuta habari zimemtangulia gengeni. Alikaanga maandazi na kunituma nimpelekee kinyozi sahani nzima. Mama wa genge bado hapiti karibu na dirisha letu, lakini chupa yake niliporudisha aliuliza kama uji ulitosha.

Barabara ya Ihumwa imeisha na nyoka amerudi kwake, amenenepa. Tairi bado liko pale chini ya sabufa. Nikipita kwenda shule, hata fremu ikiwa imejaa wateja, kinyozi huniuliza, "Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo," namjibu kwa sauti, wote wasikie. "Anakusalimia, na anashukuru."