Siku Niliyong'oa Mpaka Nikaombe Msamaha

Kama ulikua wakati televisheni ilikuwa moja kwa kitongoji kizima, na hiyo moja inakula betri ya gari, njoo ukae hapa tuongee. Vijana wenye rimoti tatu mezani waendelee na shughuli zao, hili haliwahusu. Au linawahusu, tutaona.

Leo Jumapili mchana nimekosana na binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya katuni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema kochi letu limeshika umbo langu kiasi kwamba hata nikitoka, wageni huniamkia. Basi tulikuwa tunatazama ile katuni ya familia anayoipenda, na leo hadithi ilihusu msamaha. Baba wa kwenye katuni alikuwa amesahau siku muhimu ya mwanawe.

Nikamwambia Neema, "Angalia, sasa ataleta zawadi ya ovyo." Akaleta. "Ataleta nyingine mbaya zaidi." Akaleta. "Sasa mvua." Ikanyesha. "Hapo kinanda kilie, halafu hotuba, wakumbatiane, mbwa avunje kitu, watu wacheke."

Neema akaitupa rimoti kochini. "Baba, umeniharibia! Nimeisubiri wiki nzima!" Akaingia chumbani, na mlango ukafungwa kwa kishindo ambacho enzi zetu kingekugharimu chakula cha jioni.

Nikabaki peke yangu na yule baba wa katuni, tunatazamana.

Sasa nimlaumu nani? Kanuni hizi za katuni nilizijua nikiwa mdogo kuliko yeye, na ziliniponza vibaya.

Tulikulia juu kidogo ya Maji ya Chai, upande wa mlimani, kwenye kahawa na migomba. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka mpaka mlangoni, tunalala na sweta za shule. Asubuhi kila mtoto na kidumu chake cha maji na fagio, miguu imepauka kwa baridi, mfukoni ndizi iliyochomwa jana. Tukicheka, meno yetu yote ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya kwetu, na hatukujua kuwa hiyo ni kasoro mpaka tulipoona meno ya watu wa kwenye televisheni. Tulidhani wao ndio wagonjwa.

Televisheni ilikuwa ya jirani yetu Mzee Anaeli. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa masale tu, ule mmea wa majani marefu ambao wazee wa mlimani waliuotesha mipakani tangu hata baba zetu hawajazaliwa. Betri ilipelekwa kuchajiwa Usa River kwa baiskeli, na ikianza kuchoka picha inasinyaa pembeni, watu wanakuwa wembamba kama wana njaa. Antena ilikuwa juu ya mti mrefu uliofungwa kwenye kona ya banda la ng'ombe, na kuizungusha ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja nje, mmoja mlangoni anapiga kelele. "Bado! Rudisha! Hapo hapo! Usipumue!"

Kila Jumamosi jioni kulikuwa na katuni ya familia moja ya vifaru. Baba kifaru ana tai fupi na akili fupi zaidi, mama kifaru anajua kila kitu, jirani mdaku anaingilia dirishani. Watu wasioonekana walikuwa wanacheka ndani ya televisheni, na Mzee Anaeli hakuacha kuuliza, "Hao wanaocheka wanakaa wapi? Hawana kazi?"

Katuni ilikuwa ya Kiingereza. Aliyetutafsiria ni Furaha, binti wa Mzee Anaeli, rafiki yangu wa kubeba naye kuni, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na kwa akili miaka kumi. Alikuwa anakaa mbele kabisa, anatafsiri bila kugeuka, na sauti anabadilisha: ya baba kifaru nzito, ya jirani ya kupitia puani. Mimi nilikuwa nakaa nyuma yake, na kila nilichokijua kuhusu dunia iliyo ng'ambo ya Tengeru nilikijua kupitia kisogo chake.

Sasa Jumamosi moja ikaja tena hadithi ya msamaha, na ilikuwa ya sehemu mbili. Wiki ya kwanza baba kifaru akakosea, mama kifaru akafunga sanduku. Ikaishia hapo. Wiki nzima shuleni hatukuongea kingine. Jumamosi ya pili ilipofika, Mzee Anaeli na mkewe wako kwenye kikao cha usharika, picha ikaja chenga tupu. Nikatoka kuzungusha antena, ikagoma. Nikaanza kuupanda mti.

"Usipande," Furaha akasema akiwa mlangoni. "Baba amekataza."

"Mimi mwepesi."

Sikuwa mwepesi. Nilikuwa nimetoka kula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, bakuli mbili. Mti ukakatika, mimi nikaangukia kwenye samadi, antena ikaangukia bandani, na ng'ombe akamalizia kazi kwa kwato. Nikainuka, nikamtazama Furaha, nikakimbilia kwenye kahawa.

Mzee Anaeli aliporudi akauliza nani. Furaha hakunitaja. Kwetu mtoto mchongeaji alikuwa duni kuliko mwizi. Basi akala fimbo yeye, na akakatazwa televisheni mpaka Krismasi, antena ikipona isipone. Nilimsikia akilia ng'ambo ya masale. Mimi nilikuwa kwetu, nakula makande. Nitasema yote: niliongeza sahani.

Jumatatu akapita upande mwingine wa njia. Jumanne vilevile. Nikimwita anatazama mlima kana kwamba ndio umeongea. Ijumaa nikaelewa kwamba nimempoteza, na mtu wa kunitafsiria dunia sikuwa na mwingine.

Nikatumia elimu niliyokuwa nayo, yaani ya vifaru. Kwa hadithi zao za nyuma nilishajua kwamba zawadi ya kwanza na ya pili hukataliwa, ya tatu hupokelewa. Kwa hiyo zile mbili sikuzihangaikia. Nikampelekea parachichi bichi, akamrushia mbuzi. Nikampelekea kalamu isiyoandika. Ya tatu ndiyo niliyoitolea jasho, kibuyu kidogo cha maziwa mgando, akakipokea, akakipeleka ndani kwa mama yake, akarudi kufua. Kinanda hakikulia.

Nikakumbuka kwamba msamaha wa kweli hupatikana mtu akiwa anasafiri, unamkimbilia kabla gari halijaondoka. Kumbe Furaha hakuwa na mahali pa kusafiri. Siku nilipomwona na mzigo kichwani anateremka kuelekea barabara kubwa, nikakimbia, nikamzuia mbele ya kundi la akina mama, nikanyoosha mikono. "Furaha, usiondoke!"

"Naenda mashine kusaga," akasema. "Toka njiani."

Ilibaki mvua. Mvua kwetu si jambo la kusubiri sana. Nikasimama nje ya dirisha lao, nimelowa chapachapa, uso nimeuweka kama wa baba kifaru. Dirisha likafungwa. Aliyenifuata ni mama yangu, na mwavuli wake hakuufungua juu yangu, alinichapa nao.

"We mtoto, nani kakufanya hivi?"

"Naomba msamaha kwa Furaha."

"Umemkosea nini?"

"Kidogo tu."

"Kosa dogo halimsimamishi mtu kwenye mvua." Mama alikuwa Mchaga wa Machame aliyeolewa kwa Wameru, na jambo ambalo pande hizo mbili hazikuwahi kubishana ni hili. "Chukua sale. Mpelekee kwa mikono miwili, sema ulichofanya, kisha nyamaza. Sale halikataliwi. Hata adui yako akija na sale unampa kigoda."

"Na hotuba?"

"Hotuba ya nini? Wewe diwani?"

Angesema "jani la sale" ningeokoka. Lakini hakuna Mchaga wala Mmeru anayehitaji kuambiwa kwamba ni jani. Mimi nikapiga hesabu yangu: kosa ni kubwa, na kifaru zawadi yake ya mwisho huwa kubwa kuliko zote. Kesho yake mchana nikachukua jembe, nikaenda mpakani, nikalichagua sale nene kuliko yote, la babu na babu, nikaling'oa na mizizi yake.

Mzee Anaeli alikuwa barazani na mkewe wanapukuchua mahindi. Furaha alikuwa anaosha vikombe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Sale."

"Naliona. Umelitoa wapi?"

"Pale."

"Pale wapi?"

"Pale... katikati."

Mzee Anaeli akaliweka gunzi chini taratibu. "Mama Furaha, umeona mambo? Jirani ametuletea mpaka."

Kama hukukulia mlimani, nikueleze tu kwamba kung'oa sale la mpakani ni kama kumtangazia jirani vita vya ardhi. Watu hawajasalimiana vizazi viwili kwa jambo hilo. Baba yangu akaitwa. Alikuja mbio, na njiani alikuwa ameshakata jani lake la sale, analo mkononi. Wanaume wawili wakasimama kwenye lile shimo wakalitazama kama wanaotazama kaburi.

"Nani amekutuma?" baba akaniuliza.

"Mama."

Hapo nikawa nimemkosea na mama.

"Ngoja kwanza," Mzee Anaeli akasema. "Mtoto amekuja na sale. Halali yake kusikilizwa. Ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"

Hakuna aliyecheka, hata wale wasioonekana. Ng'ombe alikuwa ananitazama. Yeye alijua.

"Antena niliiangusha mimi. Furaha alinikataza. Nikakimbia."

Mzee Anaeli akamgeukia binti yake. Niliingoja fimbo, nikageuza na mgongo kabisa. Badala yake akainama, akavunja jani moja kwenye lile sale langu lenye udongo, akalipangusa kwa shati lake, akampa Furaha kwa mikono miwili. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, si mlimani, si kwenye televisheni. Furaha alilipokea huku machozi yanamtoka, mama yake akajifanya anatafuta gunzi lililodondoka.

Kisha Furaha akanijia mimi. "La kwako nalo nimelipokea, kwa sababu halikataliwi. Lakini wewe bado."

"Mpaka lini?"

Akanionyesha shimo. "Mpaka lishike."

Baba zetu walilirudisha sale mahali pake pamoja, kila mmoja ameshika upande wake. Mimi nikapewa ulinzi. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Nilimwagilia hata mvua ikinyesha, watu wakipita wanauliza kama niko sawa. Majani yote yakanyauka, yakadondoka, likabaki fimbo tupu, na mimi nikawa nakonda nalo. Wiki nyingi baadaye, nikiwa nimechuchumaa hapo na kidumu changu, nikasikia sauti nzito nyuma yangu, ya baba kifaru. "Umelimwagilia mpaka linaogopa kufa." Furaha alikuwa amesimama ng'ambo. Akanionyesha kwa kidole cha mguu: kichipukizi, kidogo kama ulimi wa paka.

Najua mnachongoja. Niseme kwamba ndiye mke wangu. Hapana, hayo ni ya katuni. Furaha aliolewa Ngaramtoni na ni mwalimu, wa Kiingereza tena. Majuzi kwenye simu alikiri kwamba wakati ule hakuwa akielewa hata neno moja la vifaru. Zawadi, mvua na kukumbatiana tuliviona kwa macho. Maneno yote yalikuwa yake.

Siku hizi huko juu mashamba yamekatwa viwanja, ukuta wa tofali umesimama palipokuwa na masale, na watoto wanaombana msamaha kwa kutumiana kijisura kinacholia. Kimetumwa, kimejibiwa, kimesahaulika, hakuna aliyebeba kidumu. Kabla ukuta haujapita, nilikwenda nikakata kipande cha sale letu, nikakiotesha kwenye ndoo ya rangi hapa barazani. Mke wangu analiita ua lisilo na faida.

Mlango wa Neema bado umefungwa. Katuni imeisha, wamekumbatiana, mbwa kavunja kitu kama nilivyosema, na hakukuwa na raha yoyote kuwa sahihi. Nimeinuka kochini, jambo ambalo peke yake lingestahili hotuba. Niko barazani na kisu cha jikoni.

Jani moja. Mizizi naiacha.