Nilivyozima Taa za Soko la Krismasi

Taa zote za soko la Krismasi la mji mmoja mdogo wa Tirol, huko Austria, zilizimika Jumamosi saa kumi na moja na robo jioni, watoto wa kwaya wakiwa katikati ya wimbo, na aliyezizima ni mimi, na nilizizima kwa makalio. Nasema hili mapema ili anayetaka kunicheka anicheke sasa tumalize, maana mke wangu Salma ameshaisimulia habari hii nyumba tatu hapa kwetu Ibra, Oman, na nyumba moja Sur, na kila nyumba mimi naongezewa unene na barafu inaongezewa urefu, kwa hivyo nimeona bora niiandike mwenyewe kwa mpango wake (miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti za serikali Nizwa, na jambo lisiloandikwa saa yake kwangu mimi halijatokea).

Binti yetu Maryam anasoma huko Tirol, mwaka wa pili huu, na amepanga chumba kwa mjane mmoja anaitwa Bi Hilde, mwanamke mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Kila msimu wa baridi Bi Hilde huweka kibanda sokoni, namba saba, pembeni ya chemchemi, anauza biskuti za tangawizi na asali, na mahali hapo hapo aliuza mama yake na kabla ya mama yake bibi yake. Maryam humsaidia Jumamosi. Alipotuita tukae naye wiki mbili za likizo, Salma alisema baridi si kitu, yeye amekwishalala mlimani Jabal Akhdar mwezi wa Januari. Mimi sikumpinga, kwa sababu na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Katika kufunga mizigo Salma alitaka kumpelekea Maryam papa mkavu wa Ashkhara, nikamkatalia. Nikamwambia, Mama Maryam, tutashushwa kwenye ndege kwa harufu. Nikajiona mwenye akili. Kisha nikafunga halwa ya Nizwa kopo mbili, tende, iliki, na dalla yangu, ile birika ya kahawa inayotunza moto kutwa nzima, pamoja na vifinjani vyake sita. Papa yule, lau angekwenda, asingemdhuru mtu.

Siku ya kwanza sokoni Maryam alitangulia mbele yetu kama mkaguzi. "Hii ina nguruwe. Hii ina mvinyo. Hii, baba, kula." Tukala jibini iliyoyeyushwa na kukwanguliwa juu ya mkate, tukala njugu kubwa za kuchoma ambazo unazimenya vidole vinaungua na pua imeganda, tukanywa maji ya tufaha ya moto yenye mdalasini. Kisha Salma akapewa kitu cha mviringo kimekaangwa, kimebonyea katikati, kimetiwa jamu nyekundu na sukari ya unga, akauma, akasimama palepale njiani watu wanamzunguka.

"Baba Maryam, hili si andazi?"

"Ni andazi."

"Wamelijuaje hawa?"

Akala la pili.

Siku hiyo hiyo Maryam alitueleza sheria. Kila kibanda huuza kilichoandikwa katika kibali chake na si zaidi, na kamati ya soko haina mchezo, mwaka uliopita muuza mishumaa mmoja alianza kutoa supu na mwaka huu hayupo, mahali pake pamekwenda kwa mwengine. Niliyaandika haya katika daftari langu, ninalo mpaka leo, mwandiko wangu mwenyewe: "Kibanda kuuza kilichoandikwa tu."

Lakini mimi sikuwa nauza.

Sasa tufike Jumamosi. Asubuhi Bi Hilde aliona viatu vyangu, akatikisa kichwa, akanitolea buti za marehemu mumewe, zimenizidi namba moja, nikazivaa juu ya soksi mbili, na juu nimevaa kanzu yangu na ndani yake suruali mbili na nje koti la Maryam la akiba (la kike, lakini jeusi). Tulipokuwa mlangoni Salma akaniona nimeshika dalla.

"Hiyo iache nyumbani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua."

Nikaichukua. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Saa kumi hivi Bi Hilde alikwenda nyumbani kutoa biskuti nyengine kwenye oveni, akamwachia Maryam kibanda. Salma alikuwa anaangalia soksi za sufi kibanda cha mbali. Mimi nikakaa kwenye benchi pembeni ya namba saba, nikaweka dalla juu ya kigoda, nikafungua kopo la halwa, nikajimiminia kifinjani cha kwanza, na hapo hapo bwana mmoja aliyebeba mtoto mabegani akapita akaniangalia. Nyinyi mnajua. Kwetu Sharqiyah mtu akikukuta una kahawa na halwa, umwachie apite bila ya kumkaribisha, mama yako kaburini atasikia aibu. Nikanyanyuka, mkono kifuani. "Tafadhal, karibu, kahawa." Akacheka, akaja, akanywa, akarejesha kifinjani.

Wanaojua wanajua kwamba kifinjani cha kahawa hakirejeshwi hivi hivi. Ukitosheka unakitikisa, huku na huku, mwenye kumimina anaelewa, khalas, basi. Usipokitikisa maana yake unataka. Bwana yule hakutikisa. Nikamimina. Akanywa, akarejesha, hakutikisa. Nikamimina. Kifinjani cha tano uso umemwiva, mtoto juu anacheka, na mimi nasema moyoni hawa watu wanapenda kahawa namna hii na hatukuambiwa!

Mkewe akasimama kumngoja, nikampa halwa. Vijana wawili wakasimama kuangalia. Na watu wa nchi ile (nimelichunguza hili siku zote kumi na nne) wakiona watatu wamesimama, wa nne haulizi kuna nini, anasimama nyuma. Mstari ukafika chemchemi, ukaizunguka. Mbele ya kibanda cha supu cha jirani hakukubaki mtu, na mwenyewe, mtu wa masharubu, ameegemea kizingiti ananiangalia.

Maryam akatoa kichwa dirishani. "Baba! Watu wanapanga foleni!"

"Waache mwanangu, wageni hawafukuzwi."

"Baba, wageni ni sisi!"

Nilimsikia. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea.

Akaja mzee mmoja wa kofia ya kijani yenye unyoya. Akanywa viwili, akala kipande cha halwa akafumba macho, akasema neno zuri sikulielewa, akaweka sarafu juu ya kifuniko cha kopo, akaenda zake.

Sarafu! Kwa kahawa! Nadhani hata kupigwa kofi kusingenirusha moyo vile. Mtu anywe kahawa yangu kisha anilipe kama mimi mwenye mkahawa? Nikaichukua, nikaanza kumfuata, "Bwana! Bwana! No, no!" naye kumbe hasikii vizuri, anakwenda tu kuelekea jukwaa la kwaya, na pale uwanja unateremka, barafu tupu. Nikaongeza mwendo. Mguu wa kulia ulibaki ndani ya buti lakini buti halikubaki mahali pake, na kilichofuata ni kwamba nilikuwa nakwenda kasi kuliko nilivyowahi kwenda kwa miguu maishani mwangu, na miguu haimo kazini. Watu walipisha vizuri sana, nawashukuru, walifungua njia kama ya bwana harusi. Nilimpita mzee wa sarafu. Nikawapita wapiga tarumbeta. Mwisho wa mteremko, ubavuni mwa jukwaa, kulikuwa na sanduku la mbao ambamo nyaya zote za soko hukutana, na mimi nikalikalia, barabara kabisa, kama mtu aliyetandikiwa.

Likasema tak.

Kiza. Kimya. Mtoto mmoja wa kwaya, ambaye nadhani alikuwa anaimba macho kafumba, aliendelea peke yake maneno matano au sita, kisha na yeye akanyamaza. Na katika kimya kile, kutoka upande wa soksi za sufi, ikaja sauti ya mke wangu, kwa Kiswahili safi, haikuuliza ni nini wala ni nani mwengine:

"Baba Maryam! Ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

Alikuja mwanamke wa kamati na tochi, kavaa kizibao kinachong'ara, nyuma yake fundi wa umeme. Akanimulika: kanzu imelowa, kofia imefika sikioni, koti la kike, sarafu ngumini. Maryam akafika anahema. Mwanamke akauliza, sauti ya upole ile ambayo mimi naijua, ndiyo tuliyokuwa tukiitumia ofisini tukimkagua mtu.

"Baba, anauliza kahawa ile ni ya kibanda gani."

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari langu. Nilikumbuka supu na mishumaa. Nikamwangalia Maryam, aliyeachiwa kibanda. "Mwambie ni yangu mwenyewe, si ya kibanda. Mwambie mimi ni mpita njia tu."

Akamwambia. Mwanamke akaelekeza tochi yake juu, polepole, mpaka kwenye dalla iliyokaa pembeni ya kibanda, na namba saba ikaonekana vizuri kabisa juu yake. Na foleni bado ipo! Giza totoro, hakuna aliyetoka mahali pake.

Tukapanda wote. Bi Hilde alikuwa ndio anafika, sinia la biskuti mikononi, haoni hili wala lile. Mwanamke wa kamati akamuuliza. Maryam naye akamnong'oneza harakaharaka. Bi Hilde akaiangalia dalla, akaiangalia foleni, akaniangalia mimi na buti za mumewe. Akaweka sinia chini. Akasema maneno machache.

Maryam akanitafsiria. "Anasema: huyu ni mgeni wangu. Kahawa ni yangu."

Kisha Bi Hilde akachukua kifinjani, akaninyooshea. Nikammiminia. Akanywa, iliki ikamkunja uso, akaninyooshea tena mbele ya yule mwanamke. Mwanamke akatoa kijidaftari akaandika. Mimi naijua aina ile ya kuandika, haiishii pale pale.

Fundi alichukua kama nusu saa. Watu waliwasha tochi za simu zao, watoto wakarudia wimbo wao tokea mwanzo, na wallahi ulisikika vizuri zaidi gizani. Yule wa masharubu, ambaye nilishaamua moyoni ndiye aliyenishtaki, alikuja na blanketi akanifunika mabega, akaniletea bakuli la supu. Salma akaliziba kwa kiganja. "Ina nguruwe?" Yule bwana hakungoja tafsiri, alitikisa kichwa, akaokota ganda la boga chini ya meza yake akatuonesha. Na Maryam, ili baba yake apumzike, alisimama mbele ya foleni akawafundisha watu kutikisa kifinjani, na mpaka taa zinarudi nusu ya soko lilikuwa linatikisa mikono.

Usiku sikuweza kukaa. Bi Hilde ana kimto kimejazwa kokwa za matunda, hukipasha moto ndani ya oveni, akanipa nikikalie. Nikamwomba Maryam amwambie, neno kwa neno: "Bi Hilde, nisamehe. Mama yako na bibi yako walikaa pale, na mimi kwa saa moja nimekuharibia."

Akajibu. Maryam akatafsiri: "Anasema zile buti zilimwangusha mumewe mara nne. Anasema alipaswa akuambie." Bi Hilde akacheka, kisha akajifuta macho kwa upande wa nyuma wa kiganja, akaenda kuosha vifinjani.

Sasa tumo Ibra, alhamdulillah, jua limetukausha. Nimeapa mambo mawili. Sitavaa tena buti ya mtu bila ya kuuliza historia yake, na Salma akiniambia kitu nikiache nyumbani nitakiacha. Kukaribisha watu sikuapa. Nilijaribu kuapa, sikuweza. Sarafu ninayo katika droo, mzee wa kofia ya kijani tulimtafuta mpaka siku ya kuondoka hatukumpata. Na kila nikisali namwombea Bi Hilde, ambaye aliniokoa kwa maneno machache bila ya kujua yatamgharimu nini.

Dalla nilimwachia yeye. Alhamisi iliyopita Maryam alituletea picha ya fomu ya Bi Hilde ya kuomba kibanda msimu ujao, namba saba, pembeni ya chemchemi. Mahali pa kuandika bidhaa ameandika biskuti za tangawizi, kama walivyoandika mama yake na bibi yake. Chini yake ameongeza mstari: kahawa ya Oman, bure.

Kamati haijajibu.