Vikombe vya Kocha

Jumanne nilikuwa ofisi ya mizigo kule Sanyuanli, Guangzhou, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama kocha wa mpira wa kikapu, Mkenya wa makamo anayefundisha timu ya wanaume ya chuo kimoja cha hapa. Aliweka kauntani vikombe vitano vya ubingwa, kila kimoja kimeviringishwa kwa fulana kuukuu.

"Mpokeaji Mombasa ni nani?" akauliza karani, dada wa kwetu.

Kocha akakuna shingo. "Nilikuwa namtumia mama. Alifariki Ramadhani iliyopita."

"Basi hata mchezaji wako wa zamani aliyerudi kwetu?"

"Wale wanakaa miaka mitatu, wanahitimu, wanabadilisha namba za simu. Andika jina langu."

"Utakuwepo kuvipokea?"

Alikifunua kikombe kimoja, akakipangusa kwa kiganja. Karani akamtazama, kisha akaandika taratibu na kumwambia:

"Nimeweka jina la mama yangu, yuko Likoni, huko huko Mombasa. Atavipanga kabatini, na wageni atawaambia ni vya mwanawe."

Kocha akaomba namba ya huyo mama, akasema angependa kumsalimia. Akapiga hapo hapo. Sisi wa foleni, tunaogombania hata dakika moja, hakuna aliyemwambia aharakishe.