Boti la Faiba Nililolipeleka kwa Mama

Vita vilipokwisha, uani kwangu Namatala, mtaa wa mji wa Mbale, kulikuwa na boti. Mbale haina ziwa, ina mlima, na majirani walinicheka mpaka wakachoka. Nililinunua Jinja, kwa tajiri wa kiwanda nilichofanyia kazi, siku alipofukuzwa nchini, na hata wakati huo lilikuwa zee: faiba imepauka, sakafu inabonyea ukiikanyaga. Askari waliokuwa wakikimbia walipoanza kunyang'anya watu vyombo vya majini, nililivuta juu ya trela lake kutoka Jinja hadi nyumbani, nikalifukia kwa maganda ya kahawa. Wezi wakaja wakaezua mabati ya jiko langu, boti wasilione. Nikajiona mjanja kuliko mji mzima.

Ndipo ikaja habari kutoka kisiwani kwetu, ng'ambo ya Jinja, kwamba mama ameanguka na kuvunjika paja. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, alimtuma mtu aseme kwamba mguu unavimba na homa haishuki, nije upesi nimvushe nimpeleke hospitali Jinja. Meli ilikuwa haijafanya kazi tangu vita. Mke wangu aliniambia nipande basi siku hiyo hiyo, nikifika Jinja nitafute mtumbwi. Nilimkaripia. Mtumbwi wa makasia ni nusu siku majini, na mtu mwenye paja lililovunjika anakunjwa humo kama gunia la dagaa. Boti langu lingemvusha kwa saa moja, tena amelala. Hayo niliyasema kwa sauti. Nisilolisema ni kwamba nilitaka watu wa kisiwani wanione nikija na injini.

Matayarisho yalikula siku mbili. Sakafu ilikuwa na ufa karibu na usukani, nikauziba kwa kitambaa cha faiba na dawa yake kidogo ya kugandishia iliyobaki chini ya kopo, nikapaka rangi juu ili pasionekane. Grisi ya beringi za trela haikupatikana Mbale nzima, nikatumia mafuta ya mbuzi. Dereva mmoja Mkenya, aliyekuwa ameleta chumvi sokoni, alikubali kulivuta trela nyuma ya lori lake, na njia nzima tukanuka nyama choma. Yeye alicheka. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu kimyakimya.

Kwenye kizuizi cha tatu, askari alipanda ndani ya boti akagonga sakafu kwa kitako cha bunduki. Ikalia tupu, kwa sababu maboti ya namna ile yana matumbo mawili, moja ndani ya jingine, na katikati ni hewa. Kisha akaona kiraka changu, rangi yake bado inang'aa.

"Hapa chini iko nini?"

"Iko hewa tu, afande. Ndiyo inafanya ielee."

"Hewa unaifunika na rangi mpya? Fungua."

Nilimwambia haifunguki, imeumbwa hivyo. Nikamweleza habari za mama. Dereva naye aliniombea kwa upole wa mtu aliyezoea vizuizi. Askari akaagiza shoka, akisema watu wanaficha bunduki kila mahali siku hizi. Wakapasua sakafu, na walipokuta hewa hawakuridhika, wakapiga tena na tena, mpaka nikaiona lami ya barabara kupitia tumbo la chini. Nililia mbele ya wanaume wazima, na sioni haya kulisema. Walipochoka walituruhusu tupite.

Jinja nililiegesha boti ufukweni na tundu lake, nikaanza kusaka dawa ya faiba. Mtu mmoja aliniahidi kwamba itafika kesho kutoka Kampala. Kesho ikawa kesho kutwa. Usingizi haukuja, nikawa nakaa ndani ya boti nikisugua kingo za tundu kwa msasa ili dawa ikifika nisipoteze hata dakika. Ilifika siku ya nne. Nikaziba, ikakauka juani, injini ikawaka, nikavuka kwa muda usiofika saa moja.

Dada yangu alikuja majini mpaka magotini kunipokea. Akaniambia mama alifariki juzi alfajiri, wakamzika kabla ya adhuhuri. Aliniacha nilie. Kisha akalitazama boti, akaitazama injini, akauliza taratibu, "Kwani Jinja mitumbwi iliisha?"

Nikamsimulia habari za kizuizi na shoka. Kila neno lilikuwa kweli, naye akanipa pole. Sikumwambia kwamba mitumbwi ilikuwa ikiondoka kila asubuhi, hatua chache kutoka nilipokaa, na kwamba siku zote tatu wapiga makasia waliniita wakisema nafasi ipo, nami nikawapungia mkono waende, nikiwaambia nitawapita njiani.