Viatu vya Nafula na Densi ya Gazeti

Enzi zetu densi ilisafiri kwa miguu. Ilitoka kwetu Kaloleni na mtoto aliyetumwa unga, ikapitia Makongeni, ikashinda Majengo, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imefika Eastleigh na kupewa madoido mapya. Ninyi mliocheza michezo ya kati, blada na brikicho mpaka mama zenu wakawaita kwa majina yote matatu mnanielewa. Kijana wa leo akinijia na simu kunionyesha densi ambayo ati dunia nzima inaicheza, mimi hucheka tu. Densi yangu ilizagaa mitaani wakati kwetu hata televisheni hatukuwa nayo.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alifanya kazi relini, mama aliuza sukuma wiki mlangoni, na dada yangu Nafula, aliyenizidi miaka saba, aliimba kwaya. Nafula alikuwa na viatu vyeusi vya kisigino ambavyo vilitunzwa kuliko mimi. Vililala ndani ya boksi chini ya kitanda, vimefunikwa kitambaa, na alivipiga rangi hata wiki ambayo hakuvivaa. Mimi nilikuwa na malapa, na moja lilikuwa limekatika kamba.

Basi Jumamosi moja kukawa na mashindano ya densi ya watoto pale ukumbini, tulipopaita Sosho. Zawadi ilikuwa kreti ya soda. Mwaka mzima soda tuliionja Krismasi, tena chupa moja kwa watu watatu, kwa hivyo mnaweza kufikiria tulivyochanganyikiwa. Lakini msimamizi akasema hakuna kupanda jukwaani bila viatu, maana mbao zilikuwa na misumari. Nafula alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya na malapa yake, akihifadhi viatu kwa ajili ya Jumapili. Nikaingia chini ya kitanda.

Viatu vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Nikachukua gazeti kuukuu la baba, nikalikunjakunja na kulishindilia ndani, nikatoka nikitembea kama bata. Jukwaani nilicheza vizuri kwa muda mfupi sana, kisha kiatu cha kulia kikaanza kutaka kuniacha. Nikakunja vidole, nikaukokota mguu, nikainua mikono juu nisianguke. Hapo gazeti likaanza kuchomoza, kipande baada ya kipande. Mwishowe ukurasa mzima wa michezo ukatoka nyuma ya kisigino, nami kwa kuogopa kuukanyaga nikaupiga teke hadi kwa watazamaji.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Rafiki yangu Wangui, mtoto wa jirani, alisimama juu ya benchi akipiga mayowe, "Nekesa, rudia hiyo ya gazeti." Nikarudia. Katika kurudia huko nikasikia kitu kikisema ka, na nikajua kisigino kimeng'oka. Sikushinda hata kreti yenyewe, ilichukuliwa na mtoto aliyepiga sarakasi. Mimi nilipewa soda mbili, na sikuisikia ladha yake kwa hofu.

Kwetu ugali ulibandika kila kitu. Mama aliutumia kubandika karatasi ukutani, baba kufunga bahasha, sisi kutengeneza tiara. Sikuona kwa nini ushindwe na kiatu. Nikabandika kisigino kwa ugali wa mchana, nikakipaka rangi, nikarudisha viatu ndani ya boksi na kuvifunika kitambaa.

Jumapili kwaya ikaingia kanisani kwa maandamano, na hatua ya tatu tu kisigino kikabaki nyuma. Nafula aliimba beti zote akichechemea. Kesho yake mama akatupeleka sote hadi kwa fundi wa viatu, ambaye alikuwa amevitengeneza mwezi uliotangulia, na kumwambia kazi yake ni ya ovyo. Fundi alikigeuza kisigino, akakikwaruza kwa kucha, akakinusa. "Mama Nafula," akasema taratibu, "hii si gundi yangu. Hii ni ugali."

Wateja walivunjika mbavu. Mama alidhani anadharauliwa. Na Nafula, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti nje ya kwaya, alimwita mzee wa watu mwizi mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimesimama hapo nimeshika kikapu. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha, lakini sikufungua mdomo.

Wakati huo huo, densi ilikuwa imeshatoroka. Kufikia Alhamisi watoto wa Kaloleni walikuwa wanashindilia magazeti hata ndani ya raba zinazowatosha. Mama yake Wangui, aliyeuza mandazi, alikosa karatasi ya kufungia, akaanza kutumia madaftari ya zamani, na sote tukala mandazi yenye alama za wino wa hesabu. Likizo ilipofika, binamu yangu akaja kutoka Eastleigh kunifundisha densi mpya iitwayo Gazeti. Huko kwao karatasi ilibanwa makwapani. Alinitazama nikijaribu, akatikisa kichwa: "Wewe Nekesa, hujaishika. Watu wa Kaloleni mko nyuma."

Kudai densi ni yangu kungekuwa kutaja viatu. Nikabana makwapa kama nilivyofundishwa.

Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu Nanjala na wenzake sebuleni, simu wameiegemeza kwenye chupa ya chai. Walirudia densi moja hadi nikachoka kuhesabu, maana siku hizi mtu hachezi, anapiga densi pasi mpaka inyooke. Nikaangalia vizuri. Mguu wa kulia unakokotwa. Mikono juu. Halafu wanarusha tishu.

"Hiyo imetoka Kaloleni," nikasema.

"Zii, mathe. Imetoka kwa net juzi," Nanjala akanikatalia mimi mama yake.

Nikaingia katikati nikawaonyesha. Nanjala akacheka hadi akakaa chini. "Mathe, bado hujaishika."

Neno lile lile. Damu ilinichemka. Nikavaa viatu vya mume wangu, nikatafuta gazeti, na nyumba nzima haikuwa na hata moja. Nikararua kalenda ya mwaka jana. Nilicheza wacha tu. Magoti yalilia, Agosti ikatoka nyuma ya kisigino, nikaipiga teke ikafika jikoni. Na kwa kiburi nikaisogelea simu, nikatangaza: "Densi hii niliianzisha mimi, Sosho ya Kaloleni, na viatu vya Nafula."

Nanjala aliirusha video kabla sijavua viatu. Kufikia jioni watu nisiowajua waliniita Mathe wa Kalenda, na kuna mwalimu mmoja alikuwa anacheza na darasa zima, kila mtoto na mwezi wake.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kitale, ambako video ilikuwa imemfikia Nafula, sasa nyanya mwenye wajukuu wanne. Niliusikiliza nimesimama. Kwanza akasafisha koo kama anayetaka kuanzisha wimbo.

"Nekesa. Kumbe ilikuwa ugali kweli."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikashuka. "Na mimi nikamwita yule mzee mwizi."

Wiki iliyofuata nilienda pale alipokaa fundi. Pana kibanda cha kutengeneza simu, na hakuna aliyejua habari zake. Enzi zetu densi ilifika Eastleigh kwa miguu na siri ikabaki Kaloleni miaka yote hii. Siku hizi zinasafiri pamoja kwa dakika moja, na nadhani ni afadhali, isipokuwa zangu zilichelewa kumfikia yule fundi.

Nafula anakuja Krismasi. Ameniambia nimtafutie gazeti, gazeti halisi, si kalenda. Viatu, amesema, atakuja na vyake, na atavilinda mwenyewe.